Wageni Wamelala Karanga, Mwaka Unafungwa: Jinsi ya Kutambua Mapato ya Kampuni ya Huduma

Wageni wanne wanaingia geti la Machame asubuhi ya tarehe 28 Desemba kuanza safari ya siku saba ya Kilimanjaro. Usiku wa tarehe 31, kampuni yako inapofunga mwaka wa hesabu, wao wamelala kambi ya Karanga. Bado kambi ya Barafu, bado kilele, bado mteremko wa Mweka. Arbuni yao iliingia benki tangu Agosti. Fedha iliyobaki italetwa Januari na wakala wao wa Ulaya. Sasa mhasibu ana swali moja: katika bei ya safari hii, kiasi gani ni mapato ya mwaka unaoisha, na kiasi gani ni cha mwaka unaoanza?

Wapo watakaojibu, "Iliyoingia benki." Wapo watakaojibu, "Iliyokatiwa risiti ya EFD," yaani ya mashine ya kodi. Kwa anayetumia uhasibu wa malimbikizo, majibu yote mawili yana kasoro. Mapato yanaandikwa kwa sababu kazi imefanyika na mteja ameipata. Fedha ina tarehe yake, ankara ina tarehe yake na kazi ina tarehe yake. Tarehe ya mapato ni hii ya tatu. Ile ya kwanza ni ya makusanyo tu.

Tofauti hiyo iliniunguza. Mwaka wangu wa kwanza wa kushika vitabu vya kampuni ya kupandisha wageni, kila dipoziti niliiandika moja kwa moja kwenye mauzo. Wageni wa Januari na Februari hulipa Oktoba na Novemba, kwa hiyo hesabu za Desemba zikatoka na faida nono. Mwenye kampuni akaiona, akafurahi, akaagiza gari la pili. Februari, wageni wakiwa tayari Moshi, hapakuwa na fedha ya kulipia hifadhi wala malipo ya wapagazi. Ikabidi akope. Fedha ya kazi isiyofanyika ilikuwa imeshaliwa, na vitabu vyangu ndivyo vilivyomwambia kuwa ni faida yake.

Mwongozo huu unafuata safari hiyo ya Machame kuanzia arbuni hadi malipo ya mwisho. Ukielewa hiyo, kampuni ya usafi, ya ulinzi au ya ushauri haitakusumbua.

Kanuni yenyewe

Kiwango kinachoongoza ni IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mapato, chenye hatua tano. Kilitolewa Mei 2014 na IASB, bodi ya viwango yenye makao London, iliyofanya kazi hiyo pamoja na FASB, bodi ya viwango ya Marekani. Kilianza kutumika rasmi 1 Januari 2018 na kuvistaafisha viwango vya zamani vya mapato, IAS 18 na IAS 11. Kampuni ndogo na za kati zina kiwango chao chepesi zaidi, ambacho toleo lake la tatu, la Februari 2025, nalo limechukua mtindo huohuo wa hatua tano, kuanzia 1 Januari 2027. Kwa hiyo jifunze hatua hizi hata kama kampuni yako ina ofisi ya chumba kimoja.

Hatua ya 1: Hakikisha kuna mkataba

Mkataba si lazima uwe na muhuri wa wakili. Barua pepe ya mteja inayosema "tumekubali", ikiambatana na bei, tarehe na masharti ya malipo, inatosha, mradi pande zote zinabanwa nayo na unaamini kwa dhati kwamba atalipa. Nukuu ya bei uliyotuma bila kujibiwa si mkataba, hata kama mteja ameahidi kwa simu kwamba "tutakuja tu".

Ukiusoma, tafuta vipengele vitatu na uviandike pembeni: nani analipa (mgeni mwenyewe au wakala), ankara ya mwisho inatoka lini, na arbuni inarudishwa au hairudishwi safari ikivunjika. Kipengele cha tatu ndicho watu hukiruka, kisha hukitafuta usiku siku mgeni anapoandika kwamba haji.

Hatua ya 2: Orodhesha ulichoahidi

Hapa mteja hakununua sahani za chakula, mahema na viongozi wa mlima kimoja kimoja. Amenunua kupandishwa Kilimanjaro. Mpishi, wapagazi, mahema na ada za hifadhi vimefungamana kiasi kwamba kimoja bila kingine hakimfai kitu. Hiyo ni ahadi moja.

Akiongeza siku tatu za Zanzibar baada ya mlima, hiyo ni ahadi ya pili. Angeweza kuinunua peke yake, hata kwa kampuni nyingine, na mlima usingepungua kitu. Kumpokea KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kumlaza Moshi usiku mmoja? Mimi huviacha ndani ya ahadi ya mlima, kwa kuwa thamani yake ni ndogo na hakuna anayevinunua bila safari. Mwenzangu anaweza kuvitenga, na sitagombana naye mradi afanye hivyohivyo mwaka mzima.

Katika hatua hii jiulize pia kitu hiki ni chako au unakipitisha tu. Tiketi ya ndege ya kwenda Zanzibar, uliyomkatia mgeni kwa niaba ya shirika la ndege, si huduma yako. Mapato yako ni kamisheni peke yake. Ukiandika bei nzima ya tiketi kama mauzo utajikuza bure. Ada za hifadhi ni jambo jingine: ukiwa umeuza safari nzima kwa bei moja na ni wewe unayebeba lawama ikiharibika, kwa kawaida zinabaki ndani ya mapato yako na malipo kwa hifadhi yanakuwa gharama. Halafu kuna bahshishi. Mgeni akikuachia ofisini bahasha ya wapagazi, hiyo ni fedha ya wapagazi. Iandike kama deni hadi iwafikie, wala isiguse mauzo hata kwa siku moja.

Hatua ya 3: Pata bei ya kweli

Bei ya safari yetu ni dola 2,100 kwa mtu, dola 8,400 kwa wote wanne. Bei zote hapa ni bila VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kwa sababu VAT unaikusanya kwa niaba ya serikali na haijawahi kuwa mapato yako.

Bei ikiwa na kitu cha kuyumba, kikadirie mapema. Tuseme umemwahidi wakala punguzo la asilimia 5 kwa wageni wote wa mwaka akileta zaidi ya 50. Kufikia Juni ameleta 40. Usisubiri afike 51 ndipo ushtuke. Kama dalili zote zinaonyesha atafika, punguza mapato kuanzia sasa. Kanuni inakutaka uandike kile tu ambacho una uhakika mkubwa kwamba hutalazimika kukifuta baadaye.

Hatua ya 4: Gawa bei kwa kila ahadi

Ahadi ikiwa moja, hatua hii imekwisha kabla haijaanza. Zikiwa mbili, gawa kwa uwiano wa bei ambazo ungeuza kila moja peke yake. Mlima ni dola 2,100, Zanzibar ni dola 700, jumla dola 2,800. Umemuuzia mgeni vyote kwa dola 2,520. Mlima ni asilimia 75 ya jumla, kwa hiyo unapewa dola 1,890. Zanzibar inabaki na dola 630. Punguzo la dola 280 limegawanyika kwa haki. Usilibandike lote upande mmoja kwa sababu tu unataka mwezi fulani upendeze.

Wageni wetu wanne hawaendi Zanzibar, kwa hiyo tuendelee na dola 8,400.

Hatua ya 5: Andika mapato kwa mwendo wa kazi

Hii ndiyo hatua yenye uzito, na ndiyo inayotofautisha muuza huduma na muuza sukari. Muuza sukari anamaliza pale mfuko unapobadili mikono. Wewe kazi yako inatolewa kidogo kidogo.

Ili kujua kama mapato yanaandikwa kadiri kazi inavyokwenda au kwa mkupuo mwishoni, kipimo chenyewe ni rahisi kukishika ukikipeleka mlimani. Fikiria kampuni yako imeshindwa kuendelea, na kampuni nyingine inawachukua wageni pale Karanga. Je, itabidi iwarudishe geti la Machame waanze upya? Hapana. Itaendelea kutoka Karanga kwenda Barafu. Kwa hiyo siku nne zilizopita wageni wameshazipata, na mapato ya siku hizo ni ya mwaka unaoisha. Kufika au kutofika kilele cha Uhuru, mita 5,895, hakubadilishi hilo, labda mkataba wako uwe umeahidi kilele, na mtu mzima haahidi kilele.

Sasa unapimaje umbali wa kazi? Njia mbili hutumika sana. Ya kwanza ni siku: saba kwa jumla, nne zimefanyika. Ya pili ni gharama: umetumia kiasi gani katika bajeti ya safari. Kwa mlima mimi nachagua siku. Ada za hifadhi hulipwa kabla wageni hawajakanyaga njia, kwa hiyo ukipima kwa gharama utaonekana umefanya kazi nusu nzima wakati wapagazi bado wanafunga mizigo. Kwa mradi wa kutengeneza mfumo wa kompyuta, ambako gharama kubwa ni saa za watu, kipimo cha gharama kinafaa zaidi. Chagua kinachofanana na kazi, kisha kitumie kwa kazi zote za aina hiyo.

Dola 8,400 kwa siku saba ni dola 1,200 kwa siku. Hadi usiku wa tarehe 31 Desemba umefanya siku nne: dola 4,800. Hayo ndiyo mapato ya mwaka unaoisha. Dola 3,600 zilizobaki ni za Januari.

Maingizo ya leja

Vitabu ni vya shilingi, kwa hiyo tuweke viwango vya mfano. Siku ya arbuni, 12 Agosti, dola moja ni Sh 2,500. Mwisho wa Desemba na mwanzo wa Januari ni Sh 2,450. Siku ya malipo ya mwisho ni Sh 2,460. Arbuni ni asilimia 30, yaani dola 2,520.

12 Agosti, arbuni inaingia:
Debiti Benki 6,300,000
Krediti Arbuni za Wateja 6,300,000

Angalia kwamba mauzo hayajaguswa. Arbuni za Wateja ni akaunti ya madeni kwenye mizania. Wengi wanashangaa kuona fedha iliyo mkononi inaitwa deni, lakini muulize mgeni mwenyewe kama hakudai.

31 Desemba, siku nne zimefanyika:
Debiti Arbuni za Wateja 6,300,000
Debiti Mapato Yasiyokatiwa Ankara 5,586,000
Krediti Mapato ya Safari 11,886,000

Dola 4,800 zimekula arbuni yote ya dola 2,520, zikabaki dola 2,280 ambazo umezifanyia kazi ila huna fedha wala ankara. Zidisha kwa 2,450 upate 5,586,000. Kiasi hiki usikiweke kwa wadaiwa bado. Mkataba unasema ankara inatoka safari ikiisha, kwa hiyo haki yako ya kudai inasubiri umalize kazi. Ni mali yako, ila ina sharti, na inastahili akaunti yake.

3 Januari, wageni wameshuka Mweka na ankara imetoka:
Debiti Wadaiwa 14,406,000
Krediti Mapato Yasiyokatiwa Ankara 5,586,000
Krediti Mapato ya Safari 8,820,000

20 Januari, wakala analipa dola 5,880:
Debiti Benki 14,464,800
Krediti Wadaiwa 14,406,000
Krediti Faida ya Kubadilisha Fedha 58,800

Kuna jambo moja hapo linalowachanganya hata wahasibu wenye vyeti. Kwa nini arbuni imebaki kwenye Sh 2,500 ya Agosti wakati dola imeshashuka? Kwa sababu arbuni si deni la dola, ni deni la kazi. Humrudishii mgeni dola. Unamlipa kwa kumpandisha mlima. Deni la namna hiyo halifuati soko la fedha, na IFRIC 22, tafsiri rasmi ya viwango hivi inayotumika tangu 1 Januari 2018, inasema utumie kiwango cha siku fedha ilipopokelewa. Wadaiwa, kwa upande wao, ni dola za kweli, kwa hiyo wao hupanda na kushuka na soko.

Usisahau upande wa gharama. Malipo ya wapagazi, mpishi na viongozi kwa siku nne za Desemba ni gharama ya Desemba, hata kama utawalipa wakishuka. Na ada ya hifadhi uliyolipia siku tatu za Januari ni malipo yaliyotangulia, si gharama ya mwaka unaoisha. Ukirekebisha mapato ukaacha gharama, faida yako bado ni ya uongo.

Mgeni akivunja au akiahirisha

Akivunja, na mkataba unasema arbuni hairudishwi, basi siku mkataba unapokufa na wewe hudaiwi naye tena chochote, arbuni inahama kutoka kwenye deni kwenda kwenye mapato. Si kabla ya hapo. Akiahirisha, arbuni inabaki deni, hata kama ni kwa miaka miwili. Machi 2020, safari zilipoahirishwa kwa wingi kwa sababu ya korona, kampuni zilizokuwa zimeshaandika arbuni kama mauzo zilijikuta zina safari za kutoa bila mapato ya kuzisindikiza.

Huduma nyingine, kwa ufupi

Usafi au ulinzi wa mkataba wa mwaka: bei ya mwaka gawa kwa 12, andika kila mwezi, hata kama mteja alilipa yote Januari. Ushauri unaotozwa kwa saa: saa ulizofanya mwezi huu mara bei ya saa, na ankara ikiwa inafuata saa hizohizo basi ankara yenyewe inatosha kuwa kipimo. Ada ya kujiunga, mfano ya gym, ambayo mteja hapati kwayo kitu chochote zaidi ya kusajiliwa: usiimeze siku ya kwanza, isambaze katika muda atakaohudumiwa.

TRA, mamlaka ya mapato, wana saa yao

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania inaitaka kampuni ihesabu kwa malimbikizo, kwa hiyo hapo vitabu na kodi vinaanzia mahali pamoja. VAT haiendi hivyo. Chini ya Sheria ya VAT ya 2014, kodi inadaiwa kwa tukio linalotangulia kati ya ankara, malipo na utoaji wa huduma. Arbuni ya Agosti inadai VAT yake Agosti, kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18 Tanzania Bara, hata kama mapato yake ni ya Desemba. Ndiyo maana jumla ya mauzo kwenye ritani za VAT haitalingana na mauzo ya vitabu. Usilazimishe zilingane. Andaa jedwali la upatanisho linaloonyesha arbuni za mwanzo na mwisho wa mwaka, uliweke kwenye faili, maana afisa akija ataliulizia.

Na mteja wa ndani anayekukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada ya huduma hajapunguza mapato yako. Andika mapato yote. Kile alichokata ni kodi uliyotanguliza, na umdai cheti chake.

Kila mwisho wa mwezi

Chapisha salio la Arbuni za Wateja na uligawe jina kwa jina: nani, kiasi gani, safari tarehe ngapi. Jumla ya majina ilingane na leja hadi shilingi ya mwisho. Kisha pitisha kalamu. Jina ambalo tarehe yake ya safari imepita, mapato yake yamesahaulika kuandikwa. Jina ambalo salio lake limegeuka hasi, kazi imeizidi arbuni na sehemu hiyo inapaswa kuhamia Mapato Yasiyokatiwa Ankara. Jina lisilo na tarehe kabisa, mpigie mtu wa mauzo leo, kabla hajaenda likizo.